Springi ngumu za nyuma na shekeli isiyofika

*Fundi, shikamoo. Nina Hilux Vigo ya 2012, kebini mbili, dizeli. Mimi na mdogo wangu tunabeba mahema, meza na majiko ya wageni wanaopiga kambi Engaresero, upande wa Ziwa Natron. Ni safari mbili au tatu kwa mwezi. Siku nyingine gari linazunguka mjini likiwa tupu. Mwezi uliopita tumelinyanyua. Mbele tumeweka koili na shokapu mpya, nyuma tumeweka springi za majani za mzigo wa kudumu wa kilo 300, kwa sababu muuzaji alisema hizo ndizo zinazonyanyua kweli. Kuzifunga ilikuwa vita ya siku nzima. Shekeli, kile kiungo kinachobembea kinachoshika ncha ya nyuma ya springi kwenye chesisi, ilikataa kufika kwenye sikio la springi, yaani tundu la kwenye ncha yake, fundi akatumia mtaimbo na jeki ndefu mpaka ikaingia. Sasa mbele limepanda milimita 45 na nyuma milimita 80. Likiwa tupu linadunda, na kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati mkia unahama wenyewe. Nikiondoka kwenye taa kuna mtetemo kutoka chini. Fundi wetu anasema tusubiri, zitalegea zenyewe. Je, tusubiri? Na ilitakiwa zifungweje?*

*Msomaji wa Sakina, Arusha*

Marahaba, mwanangu. Msisubiri.

Springi mpya hushuka kidogo wiki za mwanzo, hilo ni kweli. Utapima leo, utapima baada ya safari mbili za Engaresero, na utakuta milimita kadhaa zimepungua. Lakini kinachopungua ni upinde wa springi. Ugumu wake unabaki palepale. Hata springi iliyochoka, iliyokaa bapa miaka kumi, inahitaji karibu uzito uleule wa siku ya kwanza ili ikubali kushuka sentimita moja. Kwa hiyo anayekwambia ngoja zilegee anakuahidi kitu ambacho chuma hicho hakitafanya.

Hapa ndipo kosa lilipoanzia, na lilianzia dukani kabla gari halijafika kwa fundi. Springi ya majani, yaani vibao bapa vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ina mambo mawili na watu huyachanganya. Kimo cha gari kutoka ardhini kinatokana na upinde, yaani jani limekunjwa kiasi gani. Ugumu unatokana na unene wa majani, upana wake, urefu wake na idadi yake. Unaweza kuwa na springi yenye upinde mkubwa na bado ikawa laini, na unaweza kuwa na springi bapa ambayo ni ngumu kama reli. Unene ndio unaodanganya watu zaidi. Jani la milimita 10 ukiliweka karibu na la milimita 8 macho hayaoni tofauti kubwa, lakini ugumu hupanda kwa unene kuzidishwa kwa wenyewe mara tatu. Nane mara nane mara nane ni 512. Kumi mara kumi mara kumi ni 1,000. Milimita mbili tu, na jani limekuwa gumu karibu mara mbili.

Sasa angalia namba zako mwenyewe, maana umepima vizuri na nimefurahi kuona barua yenye vipimo. Springi iliyoandikwa kilo 300 za kudumu maana yake aliyeitengeneza amehesabu kwamba kilo hizo ziko juu ya gari asubuhi, mchana na usiku: kanopi, droo za vyombo, tanki la maji, tairi la pili la akiba. Zikiwepo, gari linakaa milimita 50 juu ya lilipokuwa. Zisipokuwepo, springi hazina wa kuzikandamiza. Chukua mfano kwamba kila springi moja hushuka milimita 1 kwa kila kilo 5. Mbili kwa pamoja zinahitaji kilo 10 kwa milimita. Kilo 300 zinazokosekana ni milimita 30. Hamsini na thelathini ni themanini. Ndiyo hiyo namba uliyoniandikia. Springi hazina ubovu, na fundi wako hakukosea upande huo. Zinasubiri mzigo ambao kwenye gari lako unapanda siku chache tu kwa mwezi.

Kabla ya kuzibadilisha, fanya jambo moja ambalo halina gharama. Tafuta mahali tambarare, gari likae chini kwa matairi yake, weka kabari mbele na nyuma ya matairi ya mbele. Legeza nati zote sita za springi: kila upande bolti ya sikio la mbele, shekeli juu, shekeli chini. Zilegeze tu, usizitoe. Pakia mzigo wa kawaida wa gari lako, simama juu ya bampa ya nyuma urukeruke kidogo, kisha kaza ukiwa hivyohivyo, gari likiwa limebeba.

Nakwambia hivi kwa sababu naona picha ya siku ile ingawa sikuwepo. Gari lilikuwa juu ya stendi, ekseli inaning'inia, na fundi baada ya kupigana na shekeli saa nzima alifurahi ilivyoingia, akakaza kila nati papo hapo kwa nguvu zake zote. Bushi za mpira hazizunguki kama beringi. Zinabanwa na bolti na mpira wenyewe ndio unaojipinda. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, mpira umelala katika hali ya kuning'inia. Gari likishuka chini unakuwa umeshausokota kabla hata haujaondoka gereji. Kila shimo linausokota zaidi, nao unasukuma kurudi juu. Huo ni ugumu mwingine uliojiongeza juu ya springi ngumu, na baada ya miezi michache bushi zinapasuka na kuanza kulia. Nimeshapokea magari ambayo wenyewe walikuwa tayari kuuza springi, na nati sita zilipolegezwa gari lilishuka kwa mlio mmoja, *kho*, likakaa karibu sentimita mbili chini ya lilipokuwa.

Turudi kwenye mtaimbo, kwa kuwa umeuliza na kwa kuwa jambo hili linanigusa. Mwaka 2007 nilikuwa kibarua kwenye gereji moja ambayo haikuwa na jeki ya pili. Tulikuwa tunafunga springi nzito kwenye pikapu ya mkandarasi wa visima. Sikio halikufika kwenye shekeli, kama lenu. Mimi ndiye niliyeambiwa nishike sikio nilielekeze huku mwenzangu akivuta mtaimbo. Mtaimbo uliteleza kwenye grisi. Springi ilirudi, na kidole changu cha pete cha mkono wa kushoto kikabaki kati ya sikio na kibao cha shekeli. Pingili ya juu haipo tena. Tangu siku hiyo mtu yeyote anayejifunza kwangu haruhusiwi kusukuma springi kwa mtaimbo huku mkono wa mwenzake uko kwenye sikio, hata kama mteja amesimama mlangoni anaangalia saa.

Kwanza elewa kwa nini haifiki. Springi yenye upinde mkubwa ni fupi kutoka sikio hadi sikio kuliko ile kuukuu iliyolala. Ikikandamizwa inanyooka na kurefuka, ndiyo maana ikawekewa shekeli nyuma, ibembee kuufuata urefu huo. Gari likiwa juu hakuna kinachoikandamiza, kwa hiyo sikio la nyuma linaishia mbele ya mahali lilipokuwa sikio la zamani. Mikono ya watu wawili haiwezi kuinyoosha springi iliyotengenezwa kubeba mamia ya kilo. Kinachoweza kuinyoosha ni uzito wa gari lenyewe, na kazi ya fundi ni kupanga hatua ili uzito huo ufanye kazi kwa ajili yake.

Mpango wangu kwa Hilux ni huu: masikio kwanza, ekseli baadaye. Stendi mbili imara chini ya chesisi, mbele ya mahali sikio la mbele linapofungwa. Jeki ya gereji chini ya difu. Toa shokapu, fungua ule waya wa breki ya mkono kwenye vishikio vyake, angalia mpira wa kupumulia wa difu usije ukakatika, na fungua kile kifimbo cha vali ya breki ambacho nitakieleza baadaye. Fanya upande mmoja kwanza, ule mwingine ubaki umefungwa ili ekseli isitembee. Kwenye Vigo springi inakaa juu ya ekseli, kwa hiyo ukitoa yubolti, zile bolti zenye umbo la U zinazoibana springi kwenye ekseli, na kushusha jeki taratibu ekseli inashuka na kuiacha springi ikining'inia kwa masikio yake mawili. Toa ya zamani. Pandisha mpya kwa bolti ya mbele bila kukaza. Sasa sikio la nyuma liko huru, hakuna ekseli inayolivuta wala kulisukuma. Shekeli ibembeze kuelekea mbele, na chini ya ncha ya springi weka jeki ndogo uipandishe polepole mpaka tundu lilingane na pini. Hapa tumia bisibisi ndefu kuchungulia na kuelekeza tundu. Kidole kisiingie humo. Pini ikiingia, weka kibao cha pili, nati kwa mkono tu.

Baada ya hapo pandisha ekseli kwa jeki iifuate springi. Kichwa cha senta bolti, ile inayoyashika majani pamoja katikati, lazima kikae ndani ya tundu lake juu ya kiti cha ekseli. Hapa ndipo springi ngumu huleta shida ya pili: kichwa kinatua sentimita moja mbele au nyuma ya tundu. Usipige ekseli nyundo. Chukua mkanda wa kufungia mzigo, ule wenye rechi, uzungushe kwenye ekseli na ufunge upande mwingine kwenye chesisi, mbele au nyuma kulingana na unakotaka kuivuta. Kaza jino moja moja huku unatazama. Ekseli itatembea kama mtoto anayeshikwa mkono, na kichwa kitadondoka tunduni. Utakisikia. Yubolti ziwe mpya, maana zile za zamani zimeshavutika nyuzi zake, na nati zake zikazwe kwa kupokezana mshazari ili kiti kisibane upande mmoja.

Shusha gari kwenye matairi. Pale jirani yetu kuna duka la vifaa vya ujenzi, na kwa springi kama zenu huwa naazima mifuko 6 ya saruji, kilo 50 kila mmoja, naipanga juu ya ekseli kabla ya kukaza zile nati za masikio na shekeli. Ukichuchumaa nyuma ya tairi wakati mfuko wa nne unawekwa, utaona shekeli ambayo ilikuwa imelala kuelekea mbele inasimama wima, na mfuko wa sita ukitua ncha yake ya chini inaanza kwenda nyuma. Hapo ndipo inapotakiwa kuishi. Shekeli iliyoelekea mbele gari likiwa limesimama chini haina nafasi ya kubembea, na kila shimo linapigwa moja kwa moja kwenye chesisi. Nenda ukaangalie yako leo. Ikiwa imeelekea mbele gari likiwa tupu, umepata sababu nyingine ya kudunda. Baada ya kilomita 500 rudia kukaza yubolti, kwa spana ya kupimia na kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Watu wengi hawarudi kwa kazi hii, na yubolti iliyolegea ndiyo inayokata senta bolti.

Umeandika kwamba mbele mliweka koili na shokapu. Za nyuma hukuzitaja, nami naingiwa na hofu kwamba mmeacha zilezile za kiwandani. Kama ndivyo, kuna mawili. La kwanza, zilipimwa kwa springi laini. Springi ngumu ikishakandamizwa inarudi kwa nguvu zaidi, na shokapu isiyoweza kuizuia inaliacha tairi lirushwe juu ya barabara. Tairi lililoko hewani halishiki chochote, ndiyo maana mkia unahama kwenye yale mawimbi ya barabara. La pili, urefu wake haukuongezeka. Kwa milimita 80 za ziada, shokapu hiyo imeshafunguka karibu yote ukiwa umesimama tu. Tairi likiingia shimoni shokapu inafika mwisho na kugonga, na siku moja sikio lake litang'oka. Lala chini utazame ile fimbo inayong'aa: ikiwa karibu yote iko nje, usiende nayo Engaresero.

Mtetemo wakati wa kuondoka unatoka kwenye propela, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye difu. Ya Vigo yako imegawanyika vipande viwili na katikati ina beringi iliyofungwa kwenye chesisi. Ulivyonyanyua nyuma kwa milimita 80, kipande cha nyuma kimekuwa na mteremko mkali na krosi zake, yaani viungo vyake, hazizunguki kwa usawa. Mtu anaweza kukuuzia kabari za chuma za kuweka chini ya springi ili kugeuza uso wa difu. Usianze na hizo. Rudisha kwanza urefu wa nyuma kwenye milimita 50, na mara nyingi mtetemo unaondoka wenyewe au unabaki kidogo ambao unatibika kwa kuishusha ile beringi ya katikati kwa vipande vya chuma vya unene sawa kila upande. Kabari nazifikiria mwisho.

Sasa kile kifimbo. Nyuma ya gari lako, kutoka kwenye ekseli, kuna fimbo nyembamba inayopanda mpaka kwenye vali ya breki iliyofungwa kwenye chesisi. Vali hiyo inapima mzigo. Ekseli na chesisi zikikaribiana inajua gari limebeba, inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Zikiachana inajua gari ni tupu, inapunguza breki za nyuma ili matairi yasijifunge. Mmeinua chesisi milimita 80 na vali inaamini gari ni tupu kuliko lilivyowahi kuwa. Hata ukiwa umepakia mahema yote bado inadanganyika. Halafu unashuka ule mteremko wa kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu, ziwa liko chini yako, na breki za mbele ndizo zinazobeba kila kitu. Kishikio cha kifimbo hicho kinyanyuliwe kwa kiasi kilekile gari lilichopanda, kisha vali ipimwe na fundi wa breki. Na mpira wa breki wa nyuma, ekseli ikining'inia mpaka mwisho, usiwe umevutika hata kidogo. Fanya haya mawili kabla ya jambo lingine lolote katika barua hii.

Kuhusu springi zenyewe, ningekuwa wewe ningezirudisha au kuziuza zikiwa bado mpya, nichukue zenye upinde uleule lakini za mzigo wa kudumu mdogo, zile zinazouzwa kwa gari tupu au la mzigo mwepesi. Siku za safari lile jani nene la chini, lililonyooka, ambalo huanza kazi mzigo ukishapanda, litapokea mahema. Ikishindikana, jani moja linaweza kutolewa, ila si jani lolote. Jani kuu lenye masikio haliguswi, na la pili linalouzunguka mviringo wa sikio haliguswi pia, kwa sababu hilo ndilo linaloshika ekseli jani kuu likikatika njiani. Lile nene la chini kabisa kulitoa hakukusaidii ukiwa mtupu, kwa sababu halijaanza hata kufanya kazi. Linalotolewa ni mojawapo la katikati, na senta bolti iwekwe fupi inayolingana. Kabla ya kufungua senta bolti springi ibanwe kwa klempu mbili, kila upande wa bolti. Majani yanasukumana humo ndani, na nati ikifika mwisho bila klempu yanaruka.

Kama mna mpango wa kuweka kanopi na droo za vyombo mwaka huu, basi zihifadhini hizo springi. Siku hiyo zitakuwa ndizo.

*Mpendwa Fundi, natoka Njombe, nasafirisha viazi kutoka shambani hadi soko la Makambako kwa Hilux ya kebini mbili. Nyuma limekaa kama kuku anayetaga. Kuna mtu anataka kuniuzia majani mawili ya springi ya lori ayakate na kuyaongeza chini ya yangu. Nikikubali nitaweza kupakia lumbesa tisa badala ya sita?*

*Mama Viazi*

Hapana, mama yangu, na naomba unisikilize hapa hata kama biashara inabana.

Majani yale yatanyanyua mkia. Gari litaonekana limesimama vizuri na lumbesa tisa, na kuonekana huko ndiko kunakoniogopesha. Springi ikiongezwa, ekseli ni ileile, beringi za habu ni zilezile, breki ni zilezile, chesisi ni ileile. Uzito wa juu kabisa ambao gari linaruhusiwa, likiwa pamoja na wewe na mafuta, aliupanga aliyelitengeneza na umeandikwa kwenye kitabu cha gari. Hakuna jani linaloubadilisha. Na lumbesa haina uzito wa kuaminika, wewe unajua kuliko mimi. Peleka gunia moja kwenye mizani ya kweli ujue unabeba nini, kisha zidisha.

Jambo la pili ni mahali unapoyaweka. Kebini mbili ina bodi fupi, na sehemu kubwa ya bodi hiyo iko nyuma ya ekseli. Hilux hizi za 2005 hadi 2015 zina milimita 3,085 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Gunia la kilo 100 likikaa mlangoni kabisa, mita 1.2 nyuma ya ekseli, haliongezi kilo 100 kwenye springi. Linaongeza karibu 139, na hizo 39 za ziada zimetolewa kwenye matairi ya mbele, ambayo ndiyo unayoyategemea kukata kona. Na chesisi katikati, pale nyuma ya kebini, inapindwa kama fimbo juu ya goti. Springi laini inampa dereva onyo, mkia unashuka. Ukiifanya ngumu onyo linaondoka na fimbo inaendelea kupindwa. Nimeziona chesisi za namna hiyo. Dalili ya kwanza ni uwazi kati ya kebini na bodi: juu unapanuka, chini unabana. Nenda kaangalie wa kwako kesho asubuhi kabla ya kupakia.

Kama springi zako zimechoka, nunua seti mpya ya gari lako, ya mzigo mzito, pamoja na bushi na yubolti. Magunia mazito yaanze kupangwa ukutani mwa kebini. Sita ziwe sita, na kama hata sita zimezidi baada ya kupima, ziwe tano.

*Sasa fundi. Niko Likoni, Mombasa. Jamaa wa jua kali wanakunja springi za zamani kwa gesi na kuzirudishia upinde, bei ni nafuu sana. Ni sawa kwa pikapu ya kubeba samaki?*

*Msomaji wa Likoni*

Salama, ndugu yangu. Kwa gesi, hapana. Chuma cha springi kimepashwa moto kikazimwa kwenye mafuta, kisha kikapashwa tena kwa kipimo, na ndiyo maana kinarudi kila kikikunjwa. Mwali wa gesi ukikipiga sehemu moja mpaka ikawa nyekundu, sehemu hiyo imepoteza yote hayo, na jani litalala pale au litakatika pale. Kukunja baridi, kwa nyundo na fuawe, jani moja moja kutoka katikati kwenda nchani, kunawezekana. Litadumu miezi kadhaa, si miaka. Ila kwa gari la samaki swali langu ni kutu. Maji ya chumvi yanadondoka kutoka kwenye kreti, yanaingia kati ya majani na kubaki humo. Tenganisha majani, sugua kila jani kwa brashi ya waya na ulitazame kwenye mwanga wa jua. Ukiona tundu za kutu au mstari mwembamba mweusi unaokatiza jani, usilipeleke kwa mtu yeyote akalikunje.